Sinia Moja kwa Askari Kumi

Siku ya 15 ya Ramadhani haikuwa siku ya kawaida katika Istanbul ya Waothmani. Sultani na wakubwa wa dola walikwenda kulizuru joho la Mtume, moja ya hazina takatifu zilizofika Istanbul baada ya Selim wa Kwanza kuiteka Misri mwaka 1517, na lililotunzwa ndani ya kasri la Topkapı. Ziara ikiisha, macho yaligeuka upande wa majikoni. Huko yalikuwa yamepangwa masinia safu kwa safu, kila moja limefungwa kwa kitambaa na kupigwa fundo juu. Ndani mlikuwa na baklava: manda nyembamba tabaka juu ya tabaka, njugu katikati, samli na shira vimepenya mpaka chini. Hesabu ya kugawa ilijulikana na kila mtu: sinia moja kwa askari kumi.

Askari wenyewe ni Yeniçeri, jeshi la miguu lililokuwa nguzo ya dola. Sinia la kwanza lilipokewa na Silahdar Ağa, mshika silaha wa Sultani, kwa niaba ya bwana wake, maana Sultani naye alihesabiwa kuwa askari wa kwanza wa jeshi hilo. Kisha vikosi vikaja kwa zamu. Kila sinia lilichukuliwa na askari wawili kwa mpiko: walipitisha mti chini ya fundo, mmoja akatangulia na mwenzake akafuata, mzigo ukining'inia kati yao kama mkungu wa ndizi. Malango ya kasri yakafunguliwa, wakubwa wa vikosi mbele, masinia nyuma, wakatoka kuelekea kambini. Watu wa mji walijipanga barabarani kutazama. Kesho yake masinia na vitambaa vilirudishwa jikoni, vitupu.

Shughuli hiyo iliitwa Baklava Alayı, Maandamano ya Baklava. Ilishika mila kati ya mwisho wa karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 18, ikadumu zaidi ya miaka 100.

Wengi wakiisimulia historia ya baklava huanza na ugomvi wa nani aliibuni. Nadhani hesabu ile ya sinia ndiyo yenye mengi ya kutufundisha. Baklava haipikwi kwa ajili ya kinywa kimoja. Inataka mikono mingi kuitengeneza na vinywa vingi kuila. Anayetaka kujua ilikotoka na ilikopita aulize: nani alikuwa na mikono ya kuisukuma, na alikuwa akimlisha nani?

Manda kabla ya kasri

Ufundi wa kupanga unga mwembamba tabaka kwa tabaka ni wa kale kuliko jina la baklava. Katika karne ya 2 kabla ya Kristo, Cato, mwanasiasa wa Roma aliyeandika kitabu juu ya kilimo, aliacha maelekezo ya andazi liitwalo placenta: tabaka za unga, jibini ya maziwa ya kondoo, na asali juu yake. Jina lenyewe lina asili ya Kigiriki, na Wagiriki hawachoki kulikumbusha jambo hilo.

Waajemi na Waarabu nao wana lao. Katika Baghdadi ya Bani Abbas, kitamu kilichopendwa mezani pa makhalifa kilikuwa lauzinaj. Msomaji wa pwani hahitaji kamusi kulielewa jina hilo. Lozi imo ndani yake. Zilisagwa lozi na sukari, zikaviringishwa ndani ya unga mwembamba kama utando, kisha zikalowekwa katika shira. Kitabu cha upishi kilichoandikwa Baghdadi na Muhammad al-Baghdadi mwaka 1226 kinaeleza namna ya kuitengeneza.

Waturuki huanzia mbali zaidi, kwenye malisho ya Asia ya Kati. Katika karne ya 11, Mahmud al-Kashgari aliandika kwa Kiarabu kamusi ya lugha za Waturuki, na humo aliliingiza neno la mkate wa kukunjwa tabaka, babu wa neno yufka la leo. Chanzo chake si kigumu kukikisia. Mfugaji anayehama hawezi kubeba tanuri. Ana bamba la kuokea tu, na juu ya bamba mkate mnene huungua nje huku ndani ni mbichi. Basi unga husukumwa mwembamba, na anayetaka unene hupanga mmoja juu ya mwingine. Katika Kituruki cha leo yufka ni manda, na mtu mwepesi wa huruma huambiwa ana moyo wa yufka.

Ukiviweka vitu hivi vitatu pamoja, utaona kila kimoja kina kipande cha baklava na kukosa kingine. Andazi la Cato lina tabaka na asali, njugu halina. Lauzinaj ina njugu na shira, lakini imeviringishwa. Mkate wa wafugaji una tabaka, lakini hauna utamu. Palihitajika jiko moja kubwa ambamo ujuzi wa Roma ya Mashariki, wa Uajemi na wa Asia ya Kati ungekutana juu ya meza moja.

Jiko la Sultani

Jiko hilo lilikuwa Topkapı. Sultani Mehmed wa Pili aliiteka Konstantinopoli, ndiyo Istanbul ya leo, mwaka 1453, akajenga kasri lake kwenye rasi inayotazama bahari. Katika daftari la jikoni la mwaka 1473, miaka 20 tu baada ya ushindi, baklava imeandikwa miongoni mwa vyakula vilivyopikwa kasrini. Mwaka 1574 moto uliyateketeza majiko hayo, na msanifu mkuu Mimar Sinan akayajenga upya. Safu ya mabomba yake ya moshi huonekana hadi leo kwa anayekuja kwa njia ya bahari.

Kufikia karne ya 17, wafanyakazi wa majikoni walikuwa zaidi ya 1,000, wamegawanywa kwa kazi: wa mikate, wa nyama, wa mtindi. Vitamu vilikuwa na jengo lao, Helvahane, ambamo pia zilipikwa dawa na sharubati. Humo ndimo mtu aliweza kuitumia siku nzima kusukuma unga na kurudi kesho kusukuma tena. Sukari ilikuja kutoka Misri na Saiprasi, na bei yake haikuwa ya watu wa kawaida. Hao walijipatia utamu kwa asali na shira ya zabibu. Kwa hiyo baklava ya sukari ilikuwa chakula na tangazo kwa pamoja: mwenyeji ana mali, na ana watu.

Matajiri wa Istanbul waliiga kasri. Husimuliwa kwamba, katika nyumba kubwa, mpishi hakuamini sinia lake mpaka lipimwe kwa sarafu ya dhahabu. Mwenye nyumba aliiachia sarafu kutoka juu ya baklava ambayo bado haijaingia tanurini. Ikipasua tabaka zote na kugonga bati la sinia kwa mlio, manda ni nyembamba inavyotakiwa, na sarafu ni ya mpishi. Ikikwama katikati, sinia lilirudi jikoni.

Jeshi la sufuria

Kwa nini Sultani awape askari wake kitamu, tena hadharani, mwezi mtukufu? Jibu limo katika majina ya wakubwa wa jeshi lenyewe. Kamanda wa kikosi cha Yeniçeri aliitwa çorbacı, yaani mtu wa supu. Mbele ya kofia ya askari palikuwa na nafasi ya kuchomeka kijiko. Sufuria kubwa ya kikosi iliheshimiwa kama bendera, na kuipoteza vitani ilikuwa aibu kubwa. Yeniçeri waliotwaliwa utotoni kutoka familia za Kikristo za Balkani na kusilimishwa waliambiwa kwamba sasa baba yao ni Sultani, na baba ni yule anayelisha.

Lakini ulishaji huo ulikuwa na pande mbili. Anayelishwa hadharani huweza pia kukataa hadharani. Siku ya mishahara, askari waliletewa supu uwanjani kasrini. Wakiikimbilia, wakubwa walishusha pumzi. Wakiiacha ipoe, kila mtu alijua kuna jambo. Na wakiamua kuasi, walizitoa sufuria zao kambini na kuzipindua uwanjani. Hadi leo Mturuki akisema watu wamenyanyua sufuria, ana maana wameasi.

Ukiyatazama kwa jicho hilo, maandamano ya baklava hayakuwa sherehe tupu. Kila askari 10,000 walihitaji masinia 1,000, yote ya siku moja, yote yapite mbele ya watu wa mji. Sultani aliwaambia askari kwamba bado anawalisha. Askari, kwa kulinyanyua sinia, walimwambia kwamba bado wanakula. Baina yao palikuwa na manda na shira, na hofu.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Kufikia karne ya 18 Yeniçeri wengi walikuwa wafanyabiashara mjini kuliko askari vitani, nao walikataa kila jaribio la kulifanya jeshi upya. Mwaka 1807 walimwondoa madarakani Selim wa Tatu. Mahmud wa Pili, aliyekalia kiti mwaka uliofuata, alijifunza kusubiri. Alisubiri miaka 18. Mwezi Juni 1826, baada ya yeye kutangaza kikosi kipya, Yeniçeri walizitoa sufuria zao na kukusanyika katika Uwanja wa Nyama. Safari hii Sultani alikuwa na mizinga na wapigaji wake. Tarehe 15 Juni kambi zilipigwa mpaka zikawaka moto, maelfu wakauawa, na jina la Yeniçeri likafutwa. Tangu nusu ya Ramadhani ya mwaka huo hadi siku hiyo haikutimia miezi miwili.

Masinia hayakuweza kununua utii uliokwisha kuuzwa kwingine. Maandamano yakafa pamoja na jeshi lake.

Barabara ya Antep

Baklava haikufa. Mwaka 1844, miaka 18 baada ya mizinga ile, kilichapishwa Istanbul kitabu cha kwanza cha upishi cha Waothmani, Melceü't-Tabbâhîn, yaani Kimbilio la Wapishi. Maelekezo ya baklava yamo. Kilichokuwa siri ya majiko ya wakubwa sasa kiliweza kununuliwa kwa bei ya kitabu.

Wakati huohuo mafundi wa miji ya mbali walikuwa na maduka yao. Sham (Damasko) na Halab (Aleppo) zilikuwa na sifa ya vitamu tangu zamani, na njia ya mahujaji ilipita huko. Familia ya Güllü ya mji wa Antep, kusini-mashariki mwa Uturuki ya leo, husimulia kwamba katika miaka ya 1870 mzee wao alikuwa safarini kwenda Hija akapita Sham, akaona baklava inavyotengenezwa, na wakati wa kurudi akakaa huko kuusomea ufundi. Alipofika kwao alifungua duka. Wanawe na wajukuu wakaurithi, na familia nyingine za Antep zikashindana nao.

Antep ilikuwa na kitu ambacho Istanbul haikuwa nacho: mashamba ya pistachio yanayoanzia pembezoni mwa mji. Mafundi hawakungoja zikomae. Zile za baklava huchumwa mapema, zingali changa, rangi yake kijani kibichi na harufu yake kali. Mvunaji hupoteza uzito, lakini fundi hupata rangi na ladha. Samli nayo ilitoka kwa wafugaji wa kondoo na mbuzi upande wa Urfa, jirani tu.

Mji huo ulipita katika tabu kubwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ulizingirwa na majeshi ya Ufaransa kwa miezi kadhaa, na mwezi Februari 1921 bunge la Ankara likaupa heshima ya jina la Gazi, mpiganaji. Ndiyo asili ya jina Gaziantep. Mwaka 1949 tawi la familia ya Güllü lilifungua duka Karaköy, Istanbul, karibu na gati la boti. Tangu hapo safari iligeuka: kasri lililokuwa likiwafundisha wa mikoani, sasa mji wake ulikula kutoka mkono wa mkoani. Na baada ya mkataba wa wafanyakazi kati ya Ujerumani na Uturuki wa mwaka 1961, sinia liliwafuata wahamiaji mpaka Berlin.

Kwenye meza ya marumaru

Ingia leo katika karakana ya baklava ya Gaziantep, na kitu cha kwanza utakachokiona ni ukungu mweupe. Ni wanga wa ngano. Umejaa hewani, juu ya nyusi za mafundi, kwenye viatu vyao. Wamesimama kando ya meza ndefu za marumaru, kila mmoja ameshika oklava, kifimbo chembamba kirefu kuliko mkono, na kusukuma.

Msomaji aliyemwona mama au shangazi akitengeneza manda za sambusa atautambua ujanja huu mara moja. Kwetu madonge kadhaa husukumwa kidogo, yakapakwa mafuta na unga, yakapandishwa moja juu ya jingine, kisha yakasukumwa pamoja ili yatanuke bila kugandana. Fundi wa Antep hufanya vivyo hivyo, ila badala ya mafuta hunyunyiza wanga, na manda zake hupita kumi kwa mpigo. Unga wake ni wa ngano ngumu, umekandwa kwa mayai, maji na chumvi. Huuzungusha kwenye kifimbo, huuvuta kwa viganja, huufungua, hunyunyiza tena. Akimaliza, manda ni nyembamba hata ukiinyanyua mbele ya dirisha utaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili.

Kisha huja kupanga. Nusu ya manda hutandazwa chini ya sinia, moja moja, kwa wepesi wa mtu anayetandika kitanda cha mtoto aliyelala. Juu yake hupakwa uji mzito wa maziwa na suji, zikamwagwa pistachio zilizosagwa, halafu nusu iliyobaki ikafunika. Zote pamoja hukaribia 40. Hukatwa kabla ya kuokwa, mara nyingi kwa pembe za almasi. Katika Kituruki umbo hilo lenyewe huitwa baklava. Samli iliyoyeyushwa humiminwa mpaka iingie katika kila mkato, na sinia huingia katika tanuri la kuni za mwaloni.

Kazi ngumu ni ya mwisho. Shira ya sukari na maji, yenye matone ya limau ili isigande, huwa inachemka. Sinia likitoka tanurini humwagiwa hapohapo, moto kwa moto, na karakana nzima husikia linavyochachatika. Shira ikiwa nzito, itabaki juu na kunata. Ikiwa nyepesi, manda zitalegea kama mkate uliolowa chai. Hakuna kipimo cha ukutani kinachomwambia fundi wakati umefika. Huitazama shira inavyodondoka kutoka kwenye upawa. Ndiyo maana mwanagenzi huanza kwa kufagia na kunyunyiza wanga, na hupita miaka kabla hajakabidhiwa kifimbo, sembuse shira.

Walaji nao wana adabu zao. Mtu wa Antep hukigeuza kipande juu chini kabla ya kukitia kinywani, ili upande uliolowa shira uguse kaakaa. Kwanza husikiliza: meno yakiingia lazima pasikike mlio mkavu. Kisha hungoja harufu ya samli. Mwisho hupima koo. Baklava njema haimfanyi mtu akimbilie maji.

Ni ya nani?

Dola ya Waothmani ilipovunjika, kila nchi iliondoka na sinia lake. Bosnia huijaza jozi, zile njugu zenye kiini kama ubongo mdogo, na huipika kwa Idi. Wagiriki hutia asali na mdalasini, na wengine hupanga manda 33 kwa miaka ya Yesu. Waazabajani huipika kwa Nairuzi na kubandika njugu moja juu ya kila kipande. Yazd, Iran, ya kwao hunukia hiliki na maji ya waridi. Algeria na Tunisia wamebaki na lozi. Na Uturuki kwenyewe Idi ya Ramadhani watu huiita pia Sikukuu ya Sukari: vijana huenda kuwabusu mikono wazee, na sahani ya baklava huwa inangoja mezani, pamoja na usemi wa Kituruki kwamba tule vitamu tuseme vitamu.

Hawakusema vitamu siku zote. Mwezi Mei 2006, katika maadhimisho ya Siku ya Ulaya, bango liliionyesha baklava kuwa kitamu cha Saiprasi. Waokaji wa Istanbul waliandamana. Ugomvi wa aina hiyo umezuka tena na tena, na kila upande una hoja ya kweli: Mgiriki ana jina la kale, Mwajemi ana lozi na shira, Mturuki ana yufka na daftari la mwaka 1473.

Mwezi Desemba 2013 Umoja wa Ulaya uliandika baklava ya Antep katika daftari lake la vyakula vinavyolindwa kwa jina la mahali vinakotoka. Ilikuwa bidhaa ya kwanza ya Uturuki kuandikwa humo. Miaka miwili baadaye UNESCO iliiingiza Gaziantep katika mtandao wa miji ya ubunifu, kwa upishi wake.

Soma vizuri kilichoandikwa Brussels. Jina linalolindwa ni Antep Baklavası, au Gaziantep Baklavası. Neno baklava peke yake halikufungiwa mtu. Mpishi wa Athens, wa Sarajevo au wa Mombasa anaweza kuipika, kuiita kwa jina lake na kuiuza. Asichoweza ni kuiita ya Antep kama haikutengenezwa kwa mikono na njugu za Antep. Nionavyo mimi, hiyo ndiyo hukumu ya haki zaidi iliyowahi kutolewa juu ya sinia hili: chakula ni cha wote wanaokila, na sifa ni ya mikono iliyokisukuma.